Madini Joto Shingoni mwa Mama Joyness

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimefika nyumbani. Nyakahura ni vumbi tupu, mahindi yameanikwa mpaka kando ya lami. Novatus alinifuata Mwanza na gari la kukodi. Mimi kiti cha nyuma, yeye mbele na dereva, madirisha wazi njia nzima. Dereva hakuacha kuniangalia kwenye kioo. Mwishowe akamuuliza mume wangu — kwani huyu mama amefanya nini? Amemeza dawa, Novatus akajibu. Dereva akakanyaga mafuta!

Dawa yenyewe! Jana kule hospitalini Mwanza bwana wa mionzi aliileta ndani ya kikopo kizito, glavu mikononi, akakitoa kidonge kwa koleo refu kama anatoa kaa la moto jikoni. Halafu akaniambia, meza. Yeye anaogopa kukishika, mimi nikimeze. Nikameza. Hakina ladha yoyote.

Nafundisha matabibu chuoni Rulenge. Tezi ya shingo ni somo langu, kila mwaka naichora ubaoni kama kipepeo. Yangu ikaanza kufanya kazi kupita kiasi na sikuiona! Moyo mbio, jasho, mikono inatetemeka na chaki, nagombana na kila mtu. Nilidhani ni hasira zangu. Kumbe tezi. Au vyote viwili.

Sasa madini joto yenye mionzi yako shingoni yanaichoma taratibu. Mpaka yaishe nguvu, mionzi inatoka kwangu kwenda kwa aliye karibu. Mtu mzima, siyo hoja sana. Mtoto, hapana. Wiki mbili nisimbebe mwanangu Joyness. Hajafikisha hata miaka mitatu. Mwambie wewe!

Nalala stoo, mimi na magunia ya maharage.


Alhamisi, 5 Juni

Vipima mionzi vya Marcel tumevivaa leo. Marcel ni kijana wa kemia ya mionzi pale Mwanza, ndiye mwenye utafiti huu. Anataka kujua watu wa nyumbani kwa mgonjwa wanapata mionzi kiasi gani. Siyo nyumba za vitabuni — nyumba zetu. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Mwalimu akiombwa kusaidia utafiti atakataaje?

Ni vijibati vidogo tu, vinabanwa kwenye nguo. Mama mkwe, Mama Auleria, alikigeuzageuza chake. "Cha chama gani hiki?" Nikamwambia hakina chama, Mama, kinapima. Akakibana juu ya kanga, kifuani katikati, akaenda nacho kuchambua maharage kifua mbele kama aliyepewa nishani.

Cha Joyness tumekishona mgongoni. Mbele angekitafuna.


Ijumaa, 6 Juni

Joyness alilia mlangoni pa stoo tangu asubuhi. Nimefunga kwa ndani. Anapiga mlango kwa viganja. Mama! Mama! Nikakaa upande wa pili, mkono mdomoni.

Bibi yake akaja kumchukua. Nilisikia anamwambia, mama amesafiri. Mtoto akajibu, yumo humu.


Jumapili, 8 Juni

Sikwenda misani. Bora ningekwenda nikakaa nyuma peke yangu, maana watu wamesema yote. Novatus karudi amenuna. Eti mke wake ana ugonjwa wa kuambukiza, serikali imemficha ndani. Mwingine kasema nimetoa damu yangu kwa Wazungu. Kwa Marcel! Mtoto wa hapa hapa Biharamulo, mama yake analima muhogo Runazi.

Mchana Mama Auleria akaleta kigoda, akakaa uani mbali nami, akiwa amekunja mikono. Nikajua ana neno.

"Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini nauliza. Dawa gani inamfanya mzazi awe sumu kwa mwanawe?"

Nikaeleza. Ni kama moto, Mama. Ukiuota kwa mbali hauunguzi, na huu wa kwangu unazima wenyewe. Kila siku nane unapungua nusu.

"Na Mungu akikuita kabla haujazima?"

"Siumwi ugonjwa wa kufa, Mama."

"Mimi nilimzika mmoja," akasema. Namjua huyo mmoja — dada yake Novatus, homa, enzi hizo kituo cha afya hakijajengwa. "Mtoto mdogo hangoji, mwanangu. Hilo ndilo ninalolijua." Akachukua kigoda chake akaondoka.

Nimezunguka uani mpaka jua likazama. Siwezi kukaa. Vidonge vya kutuliza moyo nimekunywa, moyo bado unapiga kama unafukuzwa.


Jumanne, 10 Juni

Siku nzuri! Manirakiza amekuja na pikipiki kutoka Rulenge, ametumwa na wenzake wa mwaka wa pili. Mtihani unakaribia, tezi hawaielewi, na mwalimu wa tezi yuko kizuizini. Shikamoo mwalimu — akiwa bado getini! Nikamwambia marahaba, kaa pale kwenye kinu, mimi nakaa hapa mlangoni, tupaze sauti.

Tukapaza. Kuku walikimbia.

Akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa darasani. Kwa nini shingoni? Kwa nini mwili uweke mtego wa madini joto shingoni, na sisi tuko mbali na bahari hivi, madini yenyewe mpaka tutiliwe kwenye chumvi?

Nikasahau ugonjwa. Nikasimama. Nikamweleza kuna kiumbe cha majini, mfano wa samaki mkunga, hakina taya. Kikiwa kichanga kina kiungo kooni cha kunasia chakula kinachopita na maji, na kiungo hicho hukamata madini joto. Kikikua, kiungo kilekile kinageuka kuwa tezi. Wataalamu wa mageuzi wanasema hata yetu ilianzia koo la namna hiyo, zamani za kale, baharini. Viumbe wakapanda nchi kavu, bahari ikabaki nyuma, shingo haikuacha kuitafuta.

Manirakiza akadakia — "Kwa hiyo mwalimu, kilichokupa mateso ndicho kinachokuponya. Tezi ingekuwa haina uchu wa madini, dawa isingejua pa kwenda."

Ndiyo! Ndiyo hasa! Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka.

Akauliza sasa hayo ni mageuzi au ni Mungu, maana baba yake ni katekista. Nikamwambia andika mtihani kwanza, babako utamjibu likizo. Akacheka. Alipokuwa anawasha pikipiki akageuka. "Mwalimu, unaogopa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema hapana. Upesi mno.


Alhamisi, 12 Juni

Tumegombana na Novatus. Anataka vile vijibati vivuliwe, watu wanamcheka mnadani, wanamwita mume wa umeme. Nikasema hatuvui. Akasema, unampenda Marcel na hesabu zake kuliko nyumba yako. Nikatupa kikombe. Kikombe changu mwenyewe, kile nisichochangia na mtu. Kimevunjika.

Tezi hiyo, au mimi?

Marcel kapiga simu jioni. Kila nyumba aliyoifuata, hakuna iliyoweza kutimiza maelekezo yote. Lala chumba chako — chumba kipi? Tumia choo chako — wakati kijiji kizima choo ni cha shimo, kimoja kwa watu kumi! Maelekezo yameandikwa kwa ajili ya nyumba za watu wengine. Ndiyo maana anatafuta vipimo vya kwetu, ayaandike upya. "Ila dada Francisca, usiniigizie. Mkikosea, mkosee kweli. Nikipata nyumba ya malaika haitanisaidia."

Novatus kaondoka na lori la mahindi kwenda Kabanga, mpakani. Hatukuagana vizuri.


Ijumaa, 13 Juni

Joyness hakuja mlangoni leo. Mama anasema amekula kidogo, amelala mchana. Nimemwangalia kutoka uani. Macho mazito. Alinipungia mkono, halafu akaushusha kama umemchosha.

Nimesema labda ni jua. Mimi, mwalimu wa matabibu, nimesema labda ni jua.


Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa mkono mmoja. Niko kituo cha afya.

Asubuhi Mama Auleria alipiga kelele. Siyo kuita — kelele. Nikatoka stoo pekupeku. Joyness mikononi mwake anatetemeka mwili mzima, macho yamegeukia juu, povu mdomoni. Nikasimama. Mungu wangu, nilisimama! Hatua chache kutoka kwa mwanangu, kichwani ile karatasi ya masharti ya Mwanza inajisoma yenyewe.

"Francisca!" Hajawahi kuniita jina. Siku zote mwanangu, au Mama Joyness. "Mguu wangu haufiki barabarani. Mbebe!"

Nikambeba.

Alikuwa moto kama jiwe la jikoni. Nikamlaza ubavu mpaka degedege likaachia, nikamfunga kifuani kwa kanga, nikakimbia barabarani. Bodaboda wa kwanza ananijua, akasita — wewe siyo yule mama wa...? Nikamwambia ndiye, washa! Akawasha.

Njiani nikampigia Marcel, upepo unanipigia kelele sikioni. Nimembeba, nikasema. Nimembeba, nifanyeje? Akauliza anapumua? Anapumua. "Basi mpeleke! Malaria inaua leo. Iliyobaki shingoni mwako ni kidogo, saa moja siyo kitu, mbebe. Akishatulia mpe bibi yake. Asilalie kifua chako usiku kucha." Kisha, taratibu — "Kipima usikivue." Nikakata simu.

Kipimo cha kidole kimeonyesha malaria. Tabibu wa zamu ni Selestina, nilimfundisha mimi. Akakosa mshipa mara ya kwanza, akakosa tena. Jasho likamtoka. "Mwalimu, choma wewe." Nikatazama vidole vyangu vinavyotetemeka. Nikamwambia, siwezi, mikono yangu siyo mizuri. Wewe unaweza. Mguuni, karibu na kifundo, usiharakishe. Nilimshika mtoto asitikisike, nikamhesabia Selestina pumzi kama tulivyokuwa tukifanya maabara. Akaupata. Damu ikarudi kwenye mrija, sote wawili tukaanza kulia kama wajinga!

Sindano ya kwanza imeingia. Dripu inatiririka.

Sasa hivi jua limeegemea magharibi. Joyness amepumzika. Hajafumbua macho vizuri bado, Selestina amesema tungoje tuone akiamka atatutambua, maana degedege lilikuwa refu. Najua maana ya hilo. Nimelifundisha.

Mama Auleria amefika kwa lifti ya gari la mkaa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amekaa kitanda cha pili, amenyoosha mikono. Ile saa moja ya Marcel imeshapita, tena imepita mbali.

Ihorere, mwana wanje. Nimemnong'onezea Kirundi cha mama yangu, tulia mwanangu, sijui kwa nini Kirundi. Vidole vyake vikasogea. Vimeshika kola ya gauni langu.

"Nipe," Mama amesema.

Nimesema ndiyo, Mama.

Amesema tena, "Nipe, mwanangu."

Ndiyo, Mama. Kola bado ameishika, na mimi sijanyanyuka.