Salamu Niliyoijibu Kando ya Jeneza Lako

Bibi yangu mpendwa,

Mjomba anataka niombe radhi. Ametuma neno kwa mama kwamba Jumapili hii niende Katumba, nipige magoti mbele ya ndugu wote, niseme nilikosea siku ya mazishi yako. Nisipofanya hivyo nisikanyage tena pale kwake, na pale kwake ndipo palipokuwa kwako, ndipo nilipolelewa. Nimeona wewe uwe wa kwanza kujua jibu langu. Siombi.

Nitakueleza taratibu, ingawa nina hasira, na nikiwa na hasira unajua maneno yangu yanarukaruka.

Nakuandikia kutoka chumbani kwangu hapa Mpanda mjini, nyuma ya mashine ya kusaga. Wenzangu wa chuo cha ualimu wananiuliza nasomaje na kelele ile. Mimi siisikii kama kelele. Mahindi yakimiminwa sauti inazama, yakikaribia kwisha inapanda, na mama mwenye gunia anasogea na ndoo yake kabla hajaitwa. Kuna kusemeshana pale. Kinachonikera ni kinanda cha kwaya ya jirani, kile chenye mdundo wake ndani. Wakikibonyeza kinaenda chenyewe, waimbaji wawepo wasiwepo, wachelewe wasichelewe. Hakimsubiri mtu. Wakianza mazoezi nafunga dirisha.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa muziki alituambia kila mmoja ataje ala ya kwao. Kijana mmoja wa Kisukuma kutoka Kibaoni akataja zeze la babu yake. Dada wa Kifipa akataja ngoma, akaonyesha kwa kupiga dawati. Ilipofika zamu yangu nikasema salamu. Darasa zima likacheka. Mwalimu, mtu mpole tu, akaniuliza labda kuna ala nimeisahau jina. Nikamwambia sijasahau, ala yenyewe ni wanawake wawili, na mmoja akikosekana haipigiki. Akasema tuendelee na mwingine. Nilikaa, lakini sikubadilisha jibu.

Ningewaelezaje watu wale akazehe yenu, ile salamu ya kuimbiana mliyotoka nayo kwenu, Bibi? Ningewaelezaje Bibi Skola, rafiki yako wa tangu mlipokuwa wasichana Burundi, akitokea kijiji cha pili na kapu la maharage kichwani? Akifika usawa wa mchongoma wetu analitua. Wewe ulikuwa unaacha chochote ulichoshika, hata kama ni mwiko, unatoka na ugali unaungua nyuma yako. Mnashikana mabega. Halafu mmoja anaanza, sauti ndefu inayovutwa polepole, anamwita mwenzake kwa jina, anamtakia amani, anauliza watoto, anauliza mume, anauliza shamba. Mwingine anapokea kwa maneno mafupi ya harakaharaka, anayachomeka humohumo kwenye pumzi ya mwenzake, ndiyo, ndiyo, wapo, tupo, mpaka mtu wa pembeni hajui tena ni mdomo wa nani unaosema. Mliulizana mpaka hali ya ng'ombe, na hakuna kati yenu aliyekuwa na ng'ombe tangu mkimbie Burundi. Niliwahi kukuuliza ng'ombe gani hao. Ukaniambia, "Tukiacha kuwauliza ndio watakuwa wamekufa."

Mimi nilikuwa nafaidi ugali ulioungua. Ukoko wote ulikuwa wangu.

Kisha Mjomba akawa mwenyekiti wa kitongoji. Nakumbuka alivyosimama uani akiwa na koti lake, akakwambia kwa heshima zote, "Mama, tumepata uraia, sisi ni Watanzania sasa. Haya mambo ya kikimbizi tuyaache. Mtu akija, msalimie kama wanavyosalimia wenzetu." Simsingizii, Bibi, najua alikotokea. Mama aliniambia jinsi Mjomba alivyokuwa anaitwa mkimbizi shuleni, mpaka akaacha kula na wenzake. Kidonda anacho. Lakini mwenye kidonda ni yeye, na aliyefungwa bandeji mdomoni ni wewe.

Ukamtii. Bibi Skola alipokuja safari iliyofuata, akatua kapu, akanyoosha mikono. Wewe ukasimama mlangoni ukasema, "Habari za leo, mama. Karibu." Basi. Kama unamkaribisha bwana shamba.

Sitasahau uso wa yule mama. Aliteremsha mikono. Akakuuliza kwa sauti ndogo, "Nimekukosea nini?" Hukujibu, maana Mjomba alikuwa ndani. Akajitwika maharage yake, akageuka. Kwenu nyie salamu fupi ni ugomvi. Mtu unamkatia hivyo akiwa amekuibia au amekusema vibaya, na yule mama alikuwa anarudi njia nzima akijipekua amekosa wapi.

Wewe ulikaa kidogo tu. Ukavua kanga ya jikoni, ukajifunga nyingine, ukanishika mkono, tukatoka mbio. Tulimkuta kwenye reli, amekaa juu ya kapu lake analia. Hukumwomba msamaha. Ulianza kuimba ukiwa mbali bado, na yeye akapokea bado kamasi zinamtoka, na pale relini mlisalimiana mpaka watu wa baiskeli wakashuka kuwaangalia. Nilikuwa mdogo, ila siku ile nilijua ninachokipenda duniani.

Tukiwa tunarudi ndipo ulipoanza kunifundisha. Ukanifundisha kupokea tu, kuanza hapana. Nyumbani tukawa tunaendelea tukitwanga, mtwangio wako ukishuka wangu unapanda, wewe unaanzisha, mimi nachomeka. Nilikulalamikia miaka yote. Nilitaka ile sauti ndefu, ile nzuri, inayosikika mpaka barabarani. Ulikuwa unanicheka. "Kuanza utaanza tu siku ukibanwa," ulisema. "Wewe nipe mtu wa kunijibu." Mama yangu ulimwambia ajifunze naye, akakwepa, kwa sababu ya kaka yake. Kwa hiyo nilibaki mimi, na nusu yangu moja.

Sasa sikiliza yaliyotokea ukiwa umelala palepale katikati yetu.

Mjomba alikodi muziki, yale maspika marefu, kwa sababu walikuja wageni kutoka wilayani. Alipanga vizuri, sikatai. Padre alisali, kwaya ikaimba, ratiba ikasomwa. Jeneza lilipotolewa nje, akaja Bibi Skola. Macho hayaoni tena vizuri, aliongozwa na mjukuu wake. Akapapasa ubao mpaka akaridhika kwamba pale ndipo penye mabega yako, akaweka mikono. Akaanza.

Aliita jina lako lile la usichana. Akakutakia amani, akaacha nafasi. Hakuna aliyepokea. Akauliza watoto, akaacha nafasi. Nafasi ile, Bibi, nilikuwa naisikia kuliko sauti yenyewe. Wanawake wote wanaoijua akazehe walikuwa pale, na wote walimtazama Mjomba. Mjomba akamnyooshea kidole kijana wa spika. Wimbo wa kwaya ukafunguliwa juu ya kichwa cha yule mama, na yeye hakunyamaza, alipandisha tu sauti, ikawa inakatikakatika.

Nikakumbuka kapu la maharage. Nikasema leo huyu mama harudi tena bila kujibiwa.

Nikatoka kwenye mstari wa wajukuu na kitambaa changu cha msiba kichwani, nikasimama upande wako wa jeneza, nikapokea. Aliuliza upo, nikajibu nipo. Aliuliza watoto, nikajibu wazima, wote wamekuja. Aliuliza ng'ombe, nikajibu wapo, wananenepa. Mjomba akaongezesha spika, nami nikaongeza. Nilikuwa nalia na pumzi inanikwama, lakini kupokea ni maneno mafupi, mtu anaweza kupokea huku analia. Ndipo nikaelewa kwa nini ulinifundisha nusu ile. Tulikwenda mpaka mwisho wa salamu yenu, mpaka pale mnapoachiana mabega, na Bibi Skola akasema, "Haya, sasa mpelekeni."

Jioni Mjomba akaniita kando. Akaniambia nimemwaibisha, kwamba wageni sasa wamejua sisi ni akina nani. Nikamuuliza kama wageni wake walikuja kuzika mtu wasiyemjua. Akasema elimu imeniharibu. Nikamwambia hii sikuisomea chuo. Mama alinivuta mkono tukaachia hapo, na tangu siku ile ni meseji tu, niombe radhi, niombe radhi.

Nimewaza sana, Bibi, usinione mkaidi tu. Nimejiuliza kama ningeweza kupiga magoti kwa ajili ya amani ya nyumba. Magoti nampigia, ni mjomba wangu, amenilea. Shikamoo nampa, na maji ya kunawa namshikia. Lakini kusema nilikosea kukujibia, siwezi. Nikilisema hilo nitakuwa nimesimama mlangoni na kukuambia habari za leo, karibu, basi. Mimi ni Mtanzania, nina kitambulisho, nimeimba wimbo wa taifa mstarini tangu darasa la kwanza kwa sauti kuliko wote. Hakuna palipoandikwa kwamba Mtanzania asalimie kwa kifupi.

Jumapili nitakwenda. Nitampitia Bibi Skola kwanza, nimeshamtumia ujumbe na mjukuu wake amesema anafua kanga. Tukifika kwenye mchongoma atatangulia yeye kuingia uani, mimi nitabaki nje kama mgeni. Nitaanza mimi, Bibi. Ile sauti ndefu sijawahi kuijaribu mbele ya watu na pengine itanikwaruza koo, ila nimebanwa, ulisema siku hiyo nitaanza. Nitamwita Bibi Skola, nitamwita mama yangu huko jikoni, nitaacha nafasi, na nafasi ya mama itamsubiri mpaka apokee.

Mjomba akae kwenye kiti chake na ndugu wote. Akitaka radhi, asubiri nimalize kusalimia kwanza. Nina watoto wa kuuliza, nina mashamba, nina ng'ombe wengi sana.

Lala kwa amani, usiniombee kunyamaza.

Mjukuu wako, mpokeaji wako