Daftari la Mwanaisha

Jumanne, karibu na Isha

Hakuna mtoto aliyenisahihisha. Jana asubuhi, Sista alipotuletea habari ya msiba, nililiambia darasa kwamba tutafanya mazoezi ya nyimbo, na Jumamosi tutakwenda kumzika mwenzao Mwanaisha. Wakanitazama tu. Nilidhani ni huzuni.

Kwetu Bukoba maiti husubiri ndugu wa mbali. Miezi minne najitolea katika shule hii ya masista, nusu ya darasa langu ni Waislamu, na jinsi wanavyozika sikuwahi kuuliza.

Leo nimekwenda kwao Mwanaisha, uchochoroni nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na maua mkononi. Bibi yake akanipokea vizuri mno. "Twalimzika jana alasiri, mwalimu. Kwetu maiti hawekwi." Maua sikujua niyapeleke wapi.

Kisha akasema, bila kunilaumu: "Alhamisi alikuwa na homa. Nikamwambia lala, mjukuu wangu. Akasema mwalimu ametaka arudie hesabu." Akaniomba daftari lake, alitunze.

Nikamwambia nimelisahau shuleni. Lilikuwa ndani ya mkoba, begani kwangu. Humo niliandika "Rudia" kwa wino mwekundu, na sikutaka alione neno hilo.

Nimelifungua sasa. Alilileta Ijumaa nami sikuligusa. Chini ya neno langu ameandika upya hesabu zote kumi, mwandiko ukiyumba.

Zote amepata. Nimeshika kalamu nyekundu tangu adhana ya magharibi, na siwezi kuweka hata alama moja ya vema.