Mbao za Shukuru

Papa Shukuru,

Ni mimi Vestine, yule uliyekuwa ukimwita Mutanzania mbele ya wateja ili wapate kucheka. Leo ni Jumapili, karakana yako ya gitaa imefungwa, nimekaa kwenye kigoda chako na karatasi iko juu ya meza yako. Tangu tukuzike imepita miezi saba, na sijakuandikia hata mstari. Si kwamba nilikosa la kusema. Nilikuwa na neno moja tu, na hilo moja ndilo lililonifunga mdomo.

Nianze na habari za nyumbani, maana nikianza na lile neno nitaichana karatasi. Mama Shukuru hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda kilima kwenda misa. Zile gitaa mbili ulizoziacha bila shingo nimezimalizia, moja imekwenda kwa wavuvi wa kule ufukweni, na wameshaikata nyuzi mara tatu kwa vile wanavyoipiga kama wanagombana nayo. Na mwanao Shukuru anaolewa. Jumamosi ijayo, Papa. Bwana harusi anafanya kazi ofisini kule mpakani, mtu mpole, wa kunong'ona tu. Ungemtania mpaka akose pa kuweka macho.

Sasa lile neno.

Zile mbao mbili za mti wa muvumu hazipo.

Nimeandika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi, na bado limeandikwa. Mbao ulizozipasua kutoka kipande kimoja, ukazipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga wiki ile aliyozaliwa mwanao. Hakuna aliyewahi kuingia jiko lenu asizijue. Miaka ishirini na minne moshi wa maharage na viazi umepita ndani yake, na ulisema siku Shukuru akiolewa zitashuka ziwe uso wa gitaa, ili aondoke na kitu kilichokaushwa na moto uliomlea. Zimeungua. Na aliyezitoa ni mimi.

Nisikilize kabla hujakunja uso. Siku ya pili ya msiba wako wanawake walijaa jikoni, masufuria makubwa, mvuke, kila mtu anagonga kichwa kwenye uchaga. Nikaogopa mchuzi usiziharibu mbao. Nikazishusha mwenyewe, kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha, nikazisimamisha nyuma ya jiko chini ya upenu. Pembeni yake palikuwa na vipande vya mikaratusi. Nikajiambia, zitakaa hapo siku mbili tu. Siku ya tatu mvua ikanyesha tangu asubuhi, ile mvua ya kwetu inayoshuka na ubaridi wote wa volkano, na moto wa waombolezaji pale uani ukaanza kufa. Unajua mambo yetu, moto wa msiba ukizimika kabla ya siku ya kuondoa matanga watu wananong'ona. Wanaume wa mtaani, wasiowahi kukanyaga jikoni kwenu, wakaja mlangoni wakaniuliza kuni kavu ziko wapi. Nilikuwa namenya viazi. Sikuinuka, Papa. Nikaelekeza kwa kisu, nikasema, chukueni zilizo nyuma ya jiko, chini ya upenu.

Nilipotoka na sinia la chai nikaona ncha ya ubao ikitokeza kwenye makaa, imenyooka, ina alama ya penseli yako nyekundu. Ee Mungu wangu. Wale watu walikuwa wanausifia ule moto! Wanasema haujawahi kuonekana moto usio na moshi siku ya mvua, wanakunjua mikono, wanasogeza viti. Mmoja akanipisha nikae. Nikakaa. Akasema kitu cha kuchekesha juu yako na mimi nikacheka. Ndivyo nilivyofanya, nilicheka huku nakuona unakufa mara ya pili.

Sikumwambia mtu. Mama Shukuru alipouona uchaga mtupu alidhani nimezihamishia karakanani, nikamwacha adhani hivyo. Nilidhani litajifia lenyewe. Kumbe miezi miwili iliyopita Shukuru akaja hapa na barua ya posa mkononi, anang'aa, akaniuliza, "Vestine, ile gitaa yangu iko?" Nikamjibu, iko, naijenga. Neno lilitoka lenyewe kabla sijameza mate. Mama yangu kule Karagwe alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuniambia kwamba fupi hiyo unaikimbia ukiwa umebeba mzigo kichwani.

Nikaanza kutafuta ubao. Nilianza Mudende, kwa mtu aliyekuwa anabomoa ghala la viazi. Nikagonga mlango wa ghala kwa kidole, nikaweka sikio. Mbao ya pinusi yenye mafundo, imelala kabisa, ukiigonga inajibu kama gunia. Nikaenda Bugeshi. Huko nikapata muvumu wa kweli, umeangushwa kwa kibali, umenyooka, nikafurahi mpaka nikaugusa. Ulikuwa umelowa kama sifongo, na kwa ukungu wa kule juu, kukauka ni miaka. Mimi nilikuwa na wiki saba. Ufukweni wavuvi wakanipa ubao wa mtumbwi uliostaafu, bure, kwa heshima yako. Lami imeingia mpaka kiini. Niliubeba hadi hapa kwa kuwaonea haya, nikauficha.

Ikafika mahali nikawa nagonga kila kitu. Meza za mgahawa, kabati la ofisi ya serikali ya sekta, kiti nilichokalia kanisani. Siku moja nilikuwa napita mtaa wa nyumba za zamani, nikaona mlango wa mbao pana, nikaugonga mara tatu na kutega sikio. Mama mmoja akaitikia kutoka ndani, "Karibu!" Nikakimbia, Papa. Mtu mzima, na kitenge changu, nakimbia.

Kila usiku sauti yako ilikuwa inanisuta. "Muti iko na sauti yake kabla ikuwe gitaa. We sikia tu, usilazimishe." Nasikia nini sasa, nilikuwa nakujibu, nasikia moyo wangu tu.

Nilichokuwa nakitafuta nilikipata Kanama, na sikukipata kwa akili. Nilikwenda kununua ndizi. Nyuma ya nyumba ya bibi mmoja kuku walikuwa wanakunywa maji kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ule mrefu wa kuchongwa ambao hapa wanauita umuvure. Umepasuka upande mmoja. Bibi akaniambia ulikuwa wa baba mkwe wake, ila watoto wake wameokoka, pombe imepigwa marufuku nyumbani, basi umekuwa wa kuku. Nikainama nikaugonga kwenye kitako, mahali pakavu.

Papa, uliitika. Sijui niseme vipi. Uliitika kama mtu aliyeitwa jina lake. Muvumu mtupu, umekauka tangu kabla sijazaliwa. Nilimwomba bibi, akaniuliza nautakia nini, nikamwambia gitaa ya harusi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema mtumbwi huu umechezesha watu miaka hamsini, kwa nini usichezeshe wengine. Nikamtengenezea kuku wake hori jipya la mbao za mikaratusi, nikapakia ule mtumbwi kwenye pikipiki, na dereva akanitukana njia nzima.

Kitako kile kilikuwa kinene vidole vitatu. Nilikipasua kwa msumeno wa mkono, siku mbili, mgongo unalia, nikapata mbao mbili za kufunguka kama kitabu, mishipa inatazamana. Nikazikwangua mpaka mwanga wa dirisha ukaanza kupita. Sanduku nimelitengeneza kwa mbao za sipure, shingo kwa mti mgumu wa libuyu, nyuzi ni nyaya za breki za baiskeli kama kawaida yetu. Na sauti ni nzuri. Ninakuapia kwamba ni nzuri, na hilo ndilo lililoniharibu zaidi. Ingekuwa mbaya ningekiri mapema.

Maana tangu nazikwangua zile mbao zilikuwa zinanuka. Pombe ya ndizi, tamu na chachu, hata baada ya miaka yote ile. Na Shukuru tangu utotoni anajua gitaa yake itanuka moshi, wewe ndiwe uliyemwambia.

Unajua nilifanya nini? Nitakwambia, maana hapa hakuna wa kunitazama. Nilichukua uso wa gitaa kabla sijaugundisha, nikaupeleka jikoni kwangu, nikautundika juu ya mafiga. Wiki tatu nawasha majani mabichi. Majirani wakaniuliza kama nakausha samaki. Nilikuwa natengeneza miaka ishirini na minne kwa wiki tatu. Nikachora na alama ya penseli nyekundu, kwa mwandiko wako. Nimekuwa na wewe miaka sita, naujua mwandiko wako kuliko wangu. Nilipomaliza ile alama niliivunja penseli vipande viwili.

Jana Shukuru alikuja kuichukua.

Aliingia na kuvua viatu mlangoni, kama mtu anaingia chumba cha mgonjwa. Akaipakata. Hakuipiga. Akaweka pua kwenye tundu, akafumba macho, akavuta, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yako mpaka vidole vikauma. Akaanza kulia, akasema, "Papa." Neno hilo tu.

Ningeweza kunyamaza. Ilikuwa imekwisha, Papa, alikuwa ameamini, nilichobakiza ni kumsindikiza mpaka barabarani. Lakini alikuwa analilia majani mabichi ya jikoni kwangu. Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, kisu, viazi, upenu, kuku wa Kanama, penseli. Sikumtazama usoni.

Akaigeuza gitaa kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaifuta ile alama nyekundu kwa kidole chenye mate, polepole, mpaka ikatoka. Akaniuliza, "Na kama ningekufa bila kujua, ungeniambia?"

Nikamwambia sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo. Sijui mpaka sasa.

Akasema mama yake mpaka leo anausimulia ule moto. Kwamba siku ile alikuwa ametetemeka tangu alfajiri, hakuna blanketi lililomsaidia, akaletwa akakalishwa karibu na moto, na ndipo mara ya kwanza tangu ufe akapata usingizi, ameketi, mvua inanyesha. Anasema ni Mungu aliyeleta kuni kavu. Anamshukuru kwa hizo kuni kila Jumapili. Shukuru alisema hivyo bila kunituliza, usidhani alikuwa ananituliza. Sauti yake ilikuwa ngumu kama msumari. Alikuwa ananionyesha ukubwa wa kitu nilichokalia.

Kisha akasimama na gitaa yake. Akasema Jumamosi, saa ya zawadi, wewe hupo, na ni lazima mtu ashike mikrofoni aeleze gitaa hii ni nini na imetoka wapi, kama kila zawadi inavyoelezwa mbele ya wageni. Akasema mtu huyo ni mimi. "Utasema yote. Ile moto pia. Wale wanaume usiwataje, we jitaje tu." Nikamwuliza, na mama yako? Akasema, "Mama ndiye wa kwanza anatakiwa kusikia, na atasikia kwako." Akavaa viatu akaondoka. Hakuniaga.

Sasa unajua kwa nini nimekuandikia leo. Nimemfikiria Mama Shukuru kwenye kiti cha mbele, na mshanana wake wa sherehe umefungwa begani, anatazama mdomo wangu. Nimewafikiria wale wanaume walionipisha kiti, watahesabu siku, watakumbuka mikono yao ndiyo iliyobeba, na nyuso zao zitabadilika mbele ya watu. Nimewaza kuugua. Nimewaza kupanda basi niende Karagwe kwa dada yangu na kurudi mwezi ujao. Asubuhi nimekunja nguo mbili kwenye mfuko, nikazikunjua tena.

Nimejaribu kusema kwa sauti humu karakanani, mbele ya misumeno yako. Mara ya kwanza nilianza na mvua. Nikasema mvua ilinyesha, kuni zikalowa, watu wakaja. Nikajisikia naipanga vizuri, naipa mvua nusu ya kosa. Wewe ungenikatiza hapo hapo. Nikaanza upya. Sasa inaanza hivi: "Mbao za Shukuru nilizitoa mimi zikachomwa kwenye moto wa msiba wa baba yake, kwa sababu sikutaka kuinuka." Sentensi moja. Nikiipita hiyo, mengine nitayaweza.

Pumzika, Papa Shukuru. Sikuombi unisamehe leo, mke wako hajasikia bado, na zamu yako ni baada ya yake. Jumamosi nitashika hiyo mikrofoni. Nikishindwa kusimama nitasema nikiwa nimekaa, lakini nitasema.

Vestine wako,
Mutanzania