Rungu Lile Lilipiga Mpira Tu

Kitete, Tabora
8 Juni 1952

Kwa mwanangu mpenzi Raymundi,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Kilosa? Kifua je, kimepona, au vumbi la pamba bado linakukohoza? Mimi shangazi yako ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti tu, asubuhi linagoma kama punda. Lile blanketi ulilonitumia limefika salama. Kila nikijifunika nakutaja kwenye sala, na kwa baridi ya mwezi huu ujue unatajwa sana.

Bado nafua vitambaa vya altare pale misheni na kuvipiga pasi. Padri anasema vimeng'aa. Mimi nasema ni maji ya mvua niliyoyahifadhi, yeye anasema ni imani. Tumeacha hivyo hivyo.

Sasa nikupe habari ya kukuchekesha. Juzi gari la serikali la sinema lilikuja, wakatandika shuka jeupe pale uwanjani, watu wakajaa mpaka juu ya ukuta. Mzee Majid wa duka la nguo alibebewa kiti chake toka dukani, akaketi mbele kama liwali. Picha yenyewe ilikuwa ya mtu mweusi wa Amerika, mweusi kama wewe na mimi, anayecheza mchezo wa kwao. Mmoja anatupa mpira mdogo kama ndimu, mwingine anaupiga kwa rungu refu, kisha anakimbia mbio kuzunguka mpaka arudi palepale alipoanzia. Mzee Majid akauliza kwa sauti, "Sasa kama anarudi palepale, alikuwa anakwenda wapi?" Watu wakaangua kicheko. Abbasi, yule mfasiri wa kipaza sauti, akajibu, "Mzee, pale panaitwa nyumbani. Akirudi nyumbani salama, ameshinda."

Basi, huyo mweusi ni wa kwanza kutiwa katika timu ya wazungu. Na ana watani, mwanangu, watani wasio na breki! Akisimama tu na rungu lake, wanamwita nyani, wanamtupia paka mweusi uwanjani, wanamwambia akachume pamba. Sisi tunacheka, tunasema hao ndio Wazaramo wake, kama sisi Wanyamwezi tulivyo na wetu. Lakini yeye hajibu! Watu wakaudhika. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu hakufundwa. Mtani humwachi bila jibu, ukinyamaza umemdharau." Tena mzungu mmoja wa timu yake akainuka kuwakemea wale watukanaji, nasi tukasema, loo, huyu naye anaingilia utani wa watu!

Nilirudi nyumbani mbavu zinauma. Nikakukumbuka, maana uliniambia hapo kwenye kinu cha pamba una mtani Mzaramo, Shaban, anayekuita mtumwa wake. Usimwache bila jibu. Nisalimie naye.

Nijibu upesi, na uniambie ukweli wa kifua chako.

Mimi shangazi yako,
Veneranda

---

Kilosa
29 Juni 1952

Shangazi mpendwa,

Milele, amina. Shikamoo. Barua yako nimeipata nami ni mzima. Kifua kimepona tangu nilipoondolewa kwenye pamba.

Nimehamishiwa nyumba ya injini. Sikutaka kukuandikia mapema nikakutia wasiwasi. Fundi wa Kihindi aliyekuwapo alirudi kwao, mwenye kinu akanijaribu, akaona injini inanisikia. Sasa mimi ndiye mtu mweusi wa kwanza kuishika. Nilidhani ni furaha.

Juu yangu yuko mzungu tunayemwita Bwana Radi, kwa jinsi anavyonguruma. Hakutaka niwekwe. Ananipitisha mlango wa nyuma kwenye lundo la mbegu. Mkanda ukikatika ni mimi, mvua ikinyesha ni mimi. Na jina analoniita, shangazi, ndilo lile walilomwita yule mtu wa Amerika.

Hao uliowaona si watani. Shaban ananiita mtumwa kila siku asubuhi, nami namwambia Wazaramo mnacheza ngoma mpaka nguruwe wanawavunia shamba, tunacheka tunagawana muhogo. Lakini nilipougua kifua ni nani aliyenichotea maji? Shaban. Na siku nikifa, ni mtani atakayekuja kuchimba kaburi. Wale wa kwenye picha hawachimbii mtu kaburi. Wanataka kumwona ndani yake.

Nimechoka. Mkononi mwangu kuna spana ya futi nzima kutwa. Akiniita tena mbele ya watu, nitamjibu nayo. Yatakayofuata na yafuate. Nimekuambia wewe tu, maana tangu baba afariki sina mwingine.

Mwanao,
Raymundi

---

Kitete
6 Julai 1952

Raymundi mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na mkono wako mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Gari la sinema lilikuwa limekwenda Nzega. Likarudi Jumapili hii, baada ya sala za jioni, likaonyesha picha ileile. Nilikwenda. Watu walicheka palepale walipocheka kwanza. Mimi sikuweza. Nilimtazama uso. Mwanangu, mara ya kwanza sikuwa nimeutazama uso wake hata kidogo, nilikuwa nawatazama wasemaji. Nikaona ule mshipa wa shavuni unavyocheza anapokaza meno. Baba yako alikuwa na mshipa huohuo.

Halafu nikaona na jingine. Yule mtu alikuwa na rungu mkononi muda wote. Rungu zima, mti mgumu. Wale wanaomtukana wapo pale, hatua chache tu. Na rungu lile lilipiga mpira tu. Alipoupiga ukaruka ukapotea juu ya watu, akakimbia akarudi pale panapoitwa nyumbani, na wale wa mdomo wakabaki wameuacha wazi.

Nikamwambia Mzee Majid, "Mzee, hao si watani wake." Akasema, "Nilianza kuona hivyo, binti yangu. Mtani hukutazama machoni." Akamwita Abbasi asimamishe maneno, kisha yeye mwenyewe akawaeleza watu. Uwanja mzima ukatulia, picha ikaendelea, hata watoto hawakupiga kelele. Alipopiga ule mpira wa mwisho walishangilia, Raymundi! Nadhani mlisikia Kilosa.

Sikuambii uvumilie kama gogo. Hata Bwana wetu alipopigwa kofi aliuliza, "Wanipigia nini?" Ukiona roho inaharibika, acha kazi uje. Kitanda chako kipo, uji upo, na hakuna wa kukusema hapa nikiwa hai. Ila usije kwa njia ya gerezani. Ukimpiga, atapata alichokitaka, na mtu mweusi wa pili hatakaribishwa kwenye injini ile.

Babu yako alikuwa kirangozi. Unajua, yule anayetangulia mbele ya msafara na bendera. Hapo hapo Kilosa ulipo alipita, akielekea pwani na wapagazi nyuma yake. Alikuwa akituambia, wa mbele ndiye anayelowa umande wote wa kwenye majani, wa nyuma wanapita pakavu. Mimi nilikuwa mtoto, nikauliza kwa nini basi asipite nyuma. Akacheka mpaka akakohoa. Na kwao pia ushindi ulikuwa uleule wa Wamarekani: uende mbali, urudi nyumbani salama.

Nakusalia rozari kila jioni. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Shangazi yako,
Veneranda

---

Kitete
17 Agosti 1952

Mwanangu Raymundi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Uko wapi?

Kila treni ya kutoka pwani ikifika nakwenda stesheni na goti langu hili. Jana abiria mmoja mwanamke, Amne, muuza vitunguu, ameniambia alisikia Kilosa kwamba kinuni kulitokea ugomvi na spana, na watu walikuwa wengi. Zaidi ya hapo hajui. Nilimshika mkono mpaka kengele ya treni ikapigwa.

Sikulaumu kwa lolote. Kama uko ndani, niambie ni wapi nikuletee chakula. Kama uko njiani, mlango sijaufunga.

Nijibu. Nijibu tu.

Shangazi

---

Kilosa
24 Agosti 1952

Shangazi yangu,

Milele, amina. Shikamoo, na unisamehe sana. Mimi ni mzima, niko kazini, sijafungwa. Nilikuandikia mwezi uliopita, barua nikampa mtu anayekuja Tabora, kumbe aliteremkia Dodoma akaoa. Barua yangu nadhani imekwenda harusini. Hii naitia posta kwa mkono wangu.

Ugomvi ulikuwapo. Barua yako ya rungu ilikuwa imefika, nilikuwa nayo mfukoni. Lakini mtu anaweza kuwa na maneno mazuri mfukoni na bado mkono ukafanya yake.

Mkanda ulikatika, wakulima wamejaa uwanjani na pamba yao, foleni mpaka barabarani. Bwana Radi akatoka, akaniita lile jina mbele yao wote, wazee na wanawake. Tena akaniita mara ya pili, akanisukuma kwa kidole hapa kifuani. Nikasikia masikio yanaziba. Spana ilikuwa imekwisha panda, shangazi. Sikudanganyi. Nilikuwa namwona yeye tu.

Ndipo mtu akaurukia mkono wangu kutoka nyuma, anapiga kelele kama yuko ngomani: "Eee! Mtumwa wangu huyu! Mpagazi asiye na mzigo! Nani kakupa ruhusa ya kushika chuma changu? Leta hapa!" Shaban. Akaichukua spana mkononi mwangu.

Nawe unajua mila. Mtani akikuchukulia kitu humnyang'anyi, wala hugombi. Unakikomboa. Mkono ulilegea wenyewe, kabla akili haijafika. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzaramo mwizi wewe, rudisha!" Naye akaiweka spana kichwani kama mzigo, akazunguka uwanja anatembea kipagazi, anaimba kwa pua, "Nakwenda pwani, nakwenda pwani, Mnyamwezi kanituma!" Wakulima wakacheka hadi wengine wakakalia magunia. Nami nikacheka, shangazi, huku machozi yananitoka.

Bwana Radi akamwuliza karani, "Wanacheka nini?" Karani akasema, "Mila yao, bwana." Akasimama pale, kidole bado kiko hewani, hana wa kumnyooshea. Kisha akaingia ndani.

Nilitengeneza ule mkanda kwa mikono mitupu na kisu, maana Shaban alikataa katakata kunirudishia spana. Injini ikawaka kabla ya adhuhuri, na wazee wa pamba wakapiga makofi. Tangu siku ile Bwana Radi hajawa malaika. Bado ananguruma. Lakini mwenye kinu aliona kazi, na wiki iliyopita amemleta mtu wa pili mweusi kwenye injini, Dionis, Msukuma wa huko Nzega. Tunapita naye mlango wa mbele. Asubuhi ya kwanza alisita, nikamwambia pita, majani yamekauka. Hakuelewa, akapita.

Spana bado iko kwa Shaban. Anasema ukombozi ni jogoo, tena jogoo wa Tabora, kwa kuwa wa Kilosa wamekonda kama watani zake.

Ahsante, shangazi. Kwa barua, na kwa kitanda ambacho sikukihitaji.

Mwanao akupendaye,
Raymundi

---

Kitete, Tabora
2 Septemba 1952

Raymundi mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele! Hujambo, baba? Mimi leo goti haliumi. Nimesoma barua yako nikatoka nayo hadi kwa Mzee Majid, ameisoma kwa sauti pale dukani, wateja wakasahau walichokuja kununua. Nimekwenda kanisani nikapiga magoti yote mawili, hili bovu na hili zima, nikamshukuru Mungu.

Usiku ule wa sinema sikukuandikia mpaka mwisho kuhusu yule mzungu aliyeinuka kuwakemea wazungu wenzake. Sisi tulimcheka, tukasema anaingilia utani. Sasa nimemwelewa. Katika uwanja ule mzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtani. Ndiye angemchimbia kaburi, na kwa kuwa yupo, kaburi halikuchimbwa.

Nakuletea kwa gadi wa treni jogoo mmoja mwekundu, amefungwa miguu, pamoja na kibuyu cha asali ya miombo. Jogoo ni wa kukombolea spana. Asali ni ya huyo Shaban mwenyewe, lakini usimwambie ahsante yangu, maana mtani hapewi ahsante, utamtia aibu. Mwambie hivi, neno kwa neno:

"Wewe Shaban, mwizi wa spana, mtumwa wa babu yangu uliyemtoroka Bagamoyo, kula asali hii ikuzibe mdomo. Siku ukithubutu kufika Tabora nitakupa kuni za kupasua tangu alfajiri, na jioni nitakupakulia ugali mpaka ushindwe kusimama. Na ole wako usipokuja."

Akikasirika, basi si Mzaramo.

Wewe nawe likizo ikifika, panda treni uje. Ulikwenda mbali, sasa kimbia urudi. Nimekwisha tandika.

Nijibu upesi, mwanangu, uniambie jogoo amefika na Shaban amesema nini.

Shangazi yako,
Veneranda