Mikono ya Binti wa Denzil

Caney Lick, Kentucky
Mwezi wa tano, wiki ya kusafisha makaburi

Mdogo wangu Ocie,

Pokea salamu zangu kutoka bondeni. Sisi hapa tunapumua na tunamshukuru Mungu kwa hizo pumzi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba wale majirani zako wa Dayton wamechoka kupiga muziki. Masikio je? Ulisema daktari alikupa kifaa cha kutia sikioni, nawe ukakitia kwenye droo. Kitoe, mjinga wewe. Ukigongwa na gari ambalo hukulisikia sitakuja kukuzika, nitakuwa nimekasirika mno.

Mwanangu Vestal anakohoa kama kawaida yake. Anasema makaa ya mawe ya mgodini yaliyomo kifuani mwake yangetosha kutupasha joto msimu mzima wa baridi, ila hakuna njia ya kuyatoa. Maharage nimeshapanda. Mbweha kanilia kuku, na mimi namsubiri na bunduki ya marehemu mume wangu.

Ningekupigia simu, lakini simu haishiki mpaka nipande barabara kuu, na nikisimama kule kila gari linasimama kuniuliza nani kafa. Halafu nyumba hii kuta zake ni kama karatasi. Kwa hiyo naandika. Unajua mimi sikukanyaga shule. Herufi hizi nilifundishwa na mjukuu wangu Teralyn alipokuwa darasa la kwanza, akinigonga vidole kwa kijiko kila nikikosea. Basi soma polepole na usicheke.

Habari kubwa ni ya huyo huyo Teralyn. Amekubaliwa shule ya udaktari, tena si moja, mbili. Krismasi uliniuliza kama huo ni udaktari kweli au ni mambo ya kukandana. Ocie, ni udaktari kamili. Wanaitwa madaktari wa osteopathia. Wanaandika dawa, wanapasua, wanazalisha, kama wenzao wote. Ila hawa wanafundishwa pia kuusikiliza mwili kwa vidole, na kunyoosha kwa mikono kinachoweza kunyooshwa. Daktari Amburgey aliyemtibu Mama mgongo ni wa aina hiyo, na bado yupo, mzee kama mlima, bado anatibu.

Kwa huyo Amburgey ndiko Teralyn alikokuwa akishinda kila alipotoka chuoni, kwa sababu shule hizo zinataka barua ya daktari wa aina yao aliyekuona ukiwa na wagonjwa. Alianza kwa kufagia na kubadilisha mashuka. Baadaye mzee akawa anamwita aweke kiganja chake chini ya mgongo wa mgonjwa, amweleze anachokisikia. Amburgey aliniambia kanisani kwamba mikono ya mtoto huyu inasikia kuliko masikio yake yeye. Kwenye usaili walimwuliza kwa nini hakuomba udaktari ule mwingine. Akawajibu kwamba kwao watu hawamwamini daktari asiyewagusa, na kwamba akimaliza atarudi kwao, maana mzee wao akifa hakuna wa kushika nafasi yake. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, halafu nikarudi nikamwambia asiburuze viatu vyangu vya kanisani alivyoviazima.

Sasa sikiliza ugomvi. Shule moja iko ng'ambo ya mlima, angelala hapa nyumbani na kula maharage yangu. Hiyo inatoa alama, A na B na C, halafu inawapanga wanafunzi wote kwa namba, wa kwanza mpaka wa mwisho. Nyingine iko huko kwenu Ohio, si mbali na wewe. Hiyo haina namba. Umepita au hujapita, basi. Alitakiwa aseme anakwenda ipi kabla mwezi haujaisha.

Teralyn aliitaka ya namba. Nilimwambia mgonjwa hatamwuliza alikuwa wa ngapi, atamwuliza kama itauma. Akaniambia, Bibi, wewe hujui. Akasema hospitali kubwa zinazofundisha mabingwa zinawadharau watu wa osteopathia, na yeye anataka kuwa bingwa wa mapafu, awatibu akina baba mdogo Vestal. Siku hizi hata mtihani mkubwa wa mwanzo unasema tu umepita au hujapita. Wakipokea karatasi yake wakaona "amepita", watasema hata mbwa wa jirani amepita. Atawaonyesha nini, msichana wa bondeni kama yeye, kama hana namba?

Vestal akaingilia akasema shule yake yeye ya mgodini ilikuwa hiyo hiyo ya kupita na kutopita: jioni umetoka au hujatoka. Akacheka mpaka akashindwa kupumua. Mimi sikucheka.

Teralyn akampelekea Amburgey swali hilo. Mzee alimwambia kwamba yeye alisoma kwa kupangwa namba, akatoka wa tatu, na kwamba zamani hizo kuna mtu alichana kurasa za kitabu cha maktaba ili wenzake wasizisome. Lakini hilo halikumsumbua sana. Lililomsumbua ni darasa la mikono. Kule mnajifunza kwa kulala mezani kwa zamu, leo wewe unamgusa mwenzako, kesho yeye anakugusa wewe, na aliyelala ndiye anayekwambia umepata mahali penyewe au umekosea. Amburgey akamwuliza: aliyelala hapo, kama akijua utampita kwenye namba, atakwambia?

Mtoto akarudi na swali hilo, akakaa nalo mezani. Nilidhani limemwingia. Kesho yake akasema bado anataka ya namba.

Mimi nilikuwa naogopa, Ocie, na sikumwambia ninaogopa nini. Unajua baba yake, Denzil wangu, alikufa mgodini mtoto huyu akiwa bado kwenye nepi, na mama yake akaenda Florida akasahau njia ya kurudi. Ulikuja mazishini. Ulimsikia mhubiri akisema Denzil alirudi ndani kuwatoa wenzake. Unakumbuka pia ule ubao wa mgodini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ulioandikwa makundi yote na tani walizochimba. Wa juu walikuwa wanapewa paja la nguruwe na jaketi zenye jina la mgodi. Wanaume wazima, wenye ndevu, walikuwa wanauangalia ule ubao kabla ya kuvua buti. Mimi nikisikia neno kupangwa kwa namba, nauona ubao.

Sasa Nola Fugate. Mumewe Lonnie alikufa siku ile ile, chini ya mwamba ule ule. Nola hana kawaida ya kwenda kwa daktari, lakini mwezi uliopita shingo ilimshika mpaka akawa anageuka mwili mzima kama lori. Akaenda kwa Amburgey. Mzee akamwita Teralyn aje aweke mikono. Nola akainuka mezani. Akasema mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri: huyu hapana. Mikono ya binti wa Denzil hainigusi. Amburgey akajaribu kumtuliza, akamwambia Nola, mama, huyu ni mtoto tu. Nola akasema na wa kwake walikuwa watoto tu walipobaki bila baba, akavaa koti lake, akaondoka na shingo yake vile vile.

Teralyn alinificha hilo. Nilisikia kwa mke wa mhubiri, ambaye hajui kukaa na kitu. Nikasubiri mtoto aniulize, naye akasubiri mpaka Jumapili ya makaburi.

Tulipanda kilimani kama kila mwaka. Vestal alikata majani, akipumzika kila kaburi. Mimi nilikuwa nabadilisha maua ya plastiki ya Denzil, yale ya zamani yalishakuwa meupe kwa jua. Kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi nilikuwa nimevitandika pale chini. Teralyn alikuwa anafuta jiwe kwa kitambaa. Akaniuliza bila kugeuka, Bibi, baba alimfanya nini Nola Fugate? Vestal akazima mashine. Akaniangalia, kisha akashuka mpaka kwenye uzio akatugeuzia mgongo.

Basi nikamwambia. Na wewe nakwambia sasa, kwa sababu wewe pia ulilia juu ya sanduku lile na unastahili kujua ulilia juu ya nani.

Denzil hakurudi ndani kumtoa mtu. Denzil alikuwa ndani tayari, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi. Walikuwa wameshuka kwenye ubao, wakawa wa pili, na yeye hakuweza kulala. Sheria ni kwamba ukishakata makaa, unalifunga dari la mwamba kwa vyuma lisishuke, kabla mtu hajapita chini yake. Siku ile akawaambia wakate tena kwanza, vyuma baadaye. Lonnie Fugate alikataa. Akasema dari linalalamika, analisikia. Denzil akamwambia kama anaogopa aende nyumbani akafume soksi na Nola. Wenzao wakacheka. Lonnie akaingia. Walipita chini ya dari lile, Denzil mbele, na likashuka.

Vestal alikuwa nyuma akivuta waya wa mashine. Ndiye aliyetoka. Wanawake tulikuwa tumesimama langoni, na alipoulizwa akaniona mimi, akasema Denzil alirudi kuwatoa wengine. Alisema hivyo kwa ajili yangu. Ukweli alinieleza baada ya mazishi, akiwa amepiga magoti sebuleni. Nola hakuhitaji kuelezwa. Lonnie alikuwa akimwambia kila jioni kwamba Denzil kapagawa na ule ubao.

Teralyn alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi. Hakulia. Aliniuliza: umeniambia leo kwa sababu ya shule? Nikasema ndiyo. Akauliza: ningekuwa nimeshachagua ya Ohio, ungeniambia? Nikasema hapana. Sikuona faida ya kumdanganya tena juu ya kaburi lile lile.

Akaniambia, "Wewe umemtumia baba kama fimbo."

Nikamwambia ndiyo, na ningetumia mifupa yangu mwenyewe kama ingemzuia.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Nola. Hakumwambia mtu. Nola hakufungua mlango wa wavu, walizungumza hivyo hivyo, mmoja ndani mmoja kibarazani. Teralyn alimwambia amejua, na kwamba anasikitika. Nola alimjibu bila matusi, na hilo ndilo lililomwumiza. Alisema, mwanangu, sina ugomvi na wewe, ukapate shule yako, Mungu akusaidie. Lakini una mikono yake. Vidole vile vile. Nilikuwa navitazama nikiwa nimelala pale mezani, nikahisi dari likishuka.

Teralyn alirudi akakaa jikoni na kunieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dukani. Halafu akasema ameshaiandikia shule ya Ohio kwamba anakwenda. Moyo wangu ukaruka, Ocie, mimi mzee mpumbavu, nikataka kumkumbatia. Akanyoosha mkono kunizuia. Alisema hakuchagua hivyo ili kunifurahisha. Alisema siku aliyoambiwa kwamba ile shule ya hapa inawapanga kwa namba, alifurahi. Alijiona tayari juu ya wote, akiwatazama walio chini. Alidhani ni bidii tu. "Sasa najua nimeitoa wapi furaha ile, Bibi," akasema, "na ninaiogopa."

Nikamwambia kuijua ni nusu ya kuiponya. Akasema labda. Halafu akanieleza mengine. Akimaliza atabaki huko huko. Hatarudi bondeni. Hawezi kuweka mkono juu ya mgongo wa mtu yeyote hapa bila kujiuliza kama mtu huyo anamkubali au anamvumilia tu. Daktari anayegusa watu kwa mashaka, alisema, ni bora auze viatu.

Vestal alikuwa mlangoni, akasikia. Akajaribu utani, akamwambia basi nani atanisikiliza mapafu, mbweha? Teralyn akamwambia, "Baba mdogo, njoo Ohio." Vestal akasema yeye hata ngazi ya kanisa haimalizi. Hakuna aliyecheka.

Jana nilikwenda kumwambia Amburgey, maana mtoto hakuweza. Mzee aliendelea kukunja shuka mpaka likawa dogo kama leso. Akasema atajaribu kufanya kazi mwaka mmoja zaidi. Macho yake yana ukungu, Ocie. Nilimwona akiitafuta meza kwa mkono.

Basi hiyo ndiyo habari. Nilitaka asiende kwenye namba, na haendi. Nimeshinda, na bonde zima limeshindwa, na mimi ndiye nitakayeketi hapa kulitazama. Ningeulizwa tena ningefanya hivyo hivyo. Afadhali awe hai mbali nami kuliko wa kwanza chini ya udongo pale kilimani. Lakini usiku nikisikia Vestal anavyovuta hewa, sina raha na ushindi wangu.

Ninalokuomba ni hili. Atahama mwezi wa saba. Nimempa anwani yako, na atakuja kwako Jumapili, ingawa atajifanya ana kazi nyingi. Mpikie. Usimpe vile vyakula vya makopo. Usimtajie baba yake mpaka amtaje mwenyewe. Na siku moja ataona haya, atazunguka zunguka, halafu atakuuliza kama anaweza kufanya mazoezi ya shule kwako, kwa sababu wanaambiwa wafanye kwa ndugu. Usimwambie huumwi. Usimwambie umechoka. Vua koti, lala kwenye kochi, ufumbe macho, umwache akuguse.

Vestal anakusalimu, anasema umtumie pipi zile za mnanaa. Salimia wanao na wajukuu, na yule mume wa binti yako Wilma hata kama hastahili. Mungu akushike mpaka tuonane, hapa au kule.

Ni mimi dada yako,
Delphia