Pale Tulipokuwa Tukiitika Naam

Aarhus, Jumapili asubuhi

Kaka yangu Salim,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Rukia na watoto, na Mama hapo juu kwake. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi tu ndiyo imetushika, na mwanangu Zuwena kakohoa siku tatu, lakini skuli kaenda. Nampa barua hii Bi Zulfa, anakuja Unguja harusini kwa mpwa wake. Utashangaa kwa nini nnahangaika na karatasi na siku hizi tunaonana kwenye kompyuta. Nna neno sitaki Mama alisikie, na kompyuta yako iko chumbani kwake. Basi usiisomee juu. Kaa nayo barazani, uimalize, ndipo upande.

Kwanza nikuombe radhi. Fundi wako alitaka kutoboa kuta apitishe waya wa mtandao kutoka kwenye simu, chini, mpaka kwa Mama ghorofa ya tatu, nami nikakupigia kelele. Hilo silijutii. Kuta za mawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono wangu! Ushasahau marehemu baba alipopitisha bomba la maji, plasta ilivyoporomoka juu ya kabati la vyombo? Na wale wa kuhifadhi Mji Mkongwe wangekuja na karatasi zao, ukome. Lakini mimi nami mjuaji. Nikakwambia, "Niachie mimi, nnajua." Nikakutumia vile vidude viwili vya kuchomeka kwenye soketi, vinavyopitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme. Hapa kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, fundi alivichomeka mbele ya macho yangu na mambo yakawa. Nikasahau kwamba nyumba yetu ina mita mbili! Tangu ami Nassor aliporithi ghorofa ya juu akavuta umeme wake, kabla hajahamia Muscat, nyaya za juu na za chini hazijuani kabisa. Wewe ukachomeka, ukachomoa, wiki tatu nzima, na hukunitukana. Mimi ningekutukana.

Na kila siku iliyopita ilikuwa inaniuma. Daktari alishasema kuhusu presha ya macho ya Mama kwamba kinachopotea hakirudi. Mama hajapata kumwona Zuwena ila kwa picha, na mimi makaratasi yangu ya kukaa huku hayajatoka, siwezi kusafiri. Aliniomba kitu kimoja tu: "Nimwone mjukuu wangu anavyocheka, Maryam, kabla macho hayajazima." Na magoti yale hayashuki ngazi.

Basi siku moja nikiwa nakunja mashuka kazini, nikaanza kuifikiria nyumba yetu, si kwa akili ya fundi, kwa akili ya mtoto aliyelelewa humo. Unakumbuka Mama akitaka kitu? Hashuki. Anainamia uwani kutoka juu, anaita mara moja, "Maryaaam!" Ukiwa jikoni, husikii. Ukiwa chumba cha mbele, husikii, na kofi unalipata. Lakini pale kwenye ngazi ya pili, penye dirisha la uwani, sauti inakuja safi, na ndipo sote tulipokuwa tukikimbilia kuitika, "Naam, Mama." Nikajiambia, mawimbi nayo hayapendi kuta, yanataka uwazi. Nikakupigia simu ukitoe kisanduku cha mtandao kabatini ukiweke dirishani kuelekea uwani, na kile cha pili, cha kupokea na kurusha tena, ukiweke pale pale tulipokuwa tukiitika.

Ukacheka weye! "Maryam, unatafuta mtandao kwa masikio?" Lakini ukapanda, kompyuta mkono mmoja, simu mkono mwingine, unanihesabia vijiti vya mtandao kila ngazi huku unahema. Chini vitano. Kwenye dirisha vitano. Kwa Mama vitatu, na havikupungua hata mvua ilipopiga siku mbili mfululizo. Hakuna tundu, hakuna waya uliovutwa. Wallahi nililia.

Sasa nikwambie la Ijumaa. Wewe ulikuwa nyuma ya kompyuta unaizuia isianguke, hukuona tulichomwonyesha Mama. Zuwena alikuwa ameshamwambia bibi yake kwa simu kwamba amemchorea ua jekundu. Akaliinua. Lakini mtoto aliishika karatasi kinyume: ua analitazama yeye, na bibi yake anaonyeshwa upande mweupe. Kabla sijamgeuzia, Mama akasema, "Mashaallah! Ua zuri, jekundu! Nshaliona, mjukuu wangu."

Nikadhani anamfurahisha mtoto. Zuwena alipokimbia kwenda kucheza, nikainuka polepole, nikajibanza pembeni, nikatoka kabisa kwenye picha. Mama akakitabasamia kiti kitupu, akasema, "Maryam, mwanangu, umekonda."

Salim, kazi yangu huku ni wazee, na wengine hawaoni. Uso ule naujua, nauosha kila asubuhi. Mama haoni. Wewe uko naye kila siku na hukujua, wala sikulaumu, maana nyumba ile anaijua kwa vidole. Kikapu anakiteremsha dirishani kwa kamba kama zamani, muuza samaki anamjua kwa sauti, mboga anazijua kwa kuzipapasa. Nani angejua?

Nadhani ameficha kwa kuwa anaogopa mtamshusha chini, mbali na dirisha lake. Tena alisikia tulivyohangaika, wewe na ngazi, mimi na vidude vyangu, akaona haya kutwambia tumechelewa. Tumechelewa, kaka. Zile wiki tatu za ujuaji wangu zimenikaa kifuani, sijui nizipeleke wapi.

Nakuomba umpeleke kwa daktari wa macho wiki hii hii, huenda bado kuna cha kuokoa. Kitazame kichupa chake cha matone kama kina dawa. Usimgombeze, jamani. Usimwambie mimi nimesema, mwambie siku yake ya kupimwa imefika. Na asishushwe. Kisanduku kibaki pale pale ngazini, watoto wasikichezee, maana sauti inamfikia na anaitaka.

Nisalimie shemeji Rukia, mwambie khanga alizoniletea nnazivaa juu ya makoti mawili. Nisalimie Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, na mjomba Hamad muuza vitambaa Darajani; mwambie ile ahadi yake ya kunioza mara ya pili aisahau, mume wangu anasikia.

Zuwena yuko hapa mezani anachora nyumba yenu. Nimemwambia bibi yake anapenda ahadithiwe kwanza, kila kitu na rangi yake, ndipo aonyeshwe. Kakubali, sasa anafanya mazoezi kwa sauti: mlango wa kahawia, kikapu cha manjano, bibi kavaa kijani. Karatasi ataishika upande autakao.

Mdogo wako akupendaye,
Maryam