Gari Lililochinjwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini goti lako limepona, na kwamba shemeji na watoto wako salama salimini. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Yuko jikoni anaosha vyombo kwa kelele na kuimba, dalili kwamba moyo wake umetulia. Utashangaa kupata barua, lakini nifanyeje, wakati simu zangu hupokei tangu usikie kwamba nimekubali kulichinja gari la Baba? Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningeninunia zaidi. Ila nakuomba usiichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka yale magari mawili. Baba na Baba Mdogo waliyanunua pamoja ujanani, aina moja, rangi moja ya maziwa, hata watu mtaani hawakujua nani amepita. Baba alilipenda lake kwa kulala chini yake kila Jumapili na kopo la grisi. Baba Mdogo alilipenda lake kwa kuonekana ndani yake. Likaingia maji, likashika kutu, naye akapaka rangi juu ya kutu. Kila kitu kilipoharibika alikuja kuazima kwa kaka yake, na Baba, ambaye kumnyima mdogo wake hakuweza, alifungua cha kwake akampa. Kinga yake ilikuwa moja tu: kila alichoazimisha alikitia tone la rangi ya kijani, ile iliyobaki tulipopaka geti letu, ili kijulikane kwao ni wapi.

Kitu cha mwisho kuazimwa kilikuwa kabureta, ile inayoichanganyia injini mafuta na hewa. Baba Mdogo alisema anaitaka kwa gwaride moja tu la magari ya zamani. Gwaride likapita, likaja jingine, na kabureta bado iko kwake. Wewe hukuwepo siku Baba aliposhikwa na kifua. Nilikuwepo mimi. Nilimlaza kwenye kiti cha nyuma, ndipo nikakumbuka kwamba bila kabureta gari haliwezi kuwaka. Nikampigia Baba Mdogo. Nilisikia muziki na watu wakicheka. Akaniambia nisubiri kidogo, anamalizia mzunguko mmoja, bado wanapiga picha. Nikakimbia barabarani kutafuta teksi. Niliporudi nayo Mama alikuwa ameshamfumba Baba macho, palepale kwenye kile kiti. Msibani Baba Mdogo alilia kutushinda sisi sote. Kabureta hakuirudisha.

Haya unayajua, lakini nayarudia kwa sababu sitaki yapoe. Kwa hiyo fikiria nilivyojisikia alipoingia gerejini na miwani yake ya jua, akaniambia kwamba mwaka huu chama chao kinatoa tuzo kubwa, na kwamba gari lake lilivyo halifiki hata mstari wa kuanzia. Kwa upole, kana kwamba ananifanyia hisani, akasema gari la marehemu limekaa tu, limeshakufa, afadhali nilichinje, nitoe vipuri vyake, lenzake lipate uhai. Nilikuwa nimeshika spana. Nikamwambia gari ni la Mama, aende akamwombe yeye, nikijua atafukuzwa kwa mwiko. Mama akamkaribisha, akamtilia chai, akamwambia achukue kila kizuri kilichomo. Ndipo nilipokutumia ule ujumbe, nawe ukaniita msaliti.

Kazi ikaanza. Niliyaingiza magari yote mawili ndani, ubavu kwa ubavu, nikayavua mpaka yakabaki mabati. Baba Mdogo alikuja kila Jumamosi kukaa kwenye kiti cha plastiki na soda yake, mbali na grisi. Ukimwita aje aone kitu anasema yeye ni mtu wa usukani, si mtu wa spana. Nilimwambia milango yake imeoza. Akasema nichukue ya kaka. Sakafu yake ukitazama unaona sementi. Akasema nichukue ya kaka. Injini, viti, taa, vyote vya kaka. Kipara, yule fundi wetu wa bodi, unamjua kwa utani, alimuuliza kwa uso mkavu kwamba sasa katika gari la bwana mkubwa kinabaki nini. Baba Mdogo akacheka, akasema kibaki kibao chake cha namba, maana hicho ndicho watu wanachokijua. Kipara akanitazama. Mimi nikatazama pembeni.

Nilipofungua injini yake nikaikuta kabureta ya Baba. Tone la kijani lilikuwa bado lipo. Hata kulifuta hakuona haja. Niliketi sakafuni nikalia, Dada, na yalikuwa machozi ya hasira tupu.

Ikafika siku ya gwaride. Wana utaratibu wao pale: mwenye gari husimama mbele ya boneti, mkaguzi huinama na kusoma kwa sauti namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, ule uti wa chini unaobeba gari zima, na mwenyewe hutaja ya kwake kutoka kwenye kadi. Unaweza kubadilisha kila kitu kingine, lakini chuma chenye ile namba ndicho gari lenyewe. Baba Mdogo amepita ukaguzi huo miaka nenda rudi, ila namba yake hakuwahi kuitazama kwa macho yake, kwa sababu kuitazama kunataka kuinama.

Gari lilikuwa linang'aa mpaka watu wanajitazamia meno. Baba Mdogo alikuwa amevimba kichwa, marafiki wamemzunguka na simu zao. Mkaguzi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliinama akasoma. Baba Mdogo akasoma ya kwenye kadi. Hazikufanana. Mkaguzi akarudia. Watu wakaanza kusogea. Baba Mdogo akaniita kwa sauti, nieleze nimefanya nini. Nikajibu mbele ya wote kwamba aliniagiza kila kizuri nichukue kwa kaka yake, na kwamba kwenye gari lake nilitafuta kizuri nikakosa, ila kile kibao cha namba. Kwa hiyo gari alilolileta ni la kaka yake, kuanzia chuma cha chini mpaka bati la juu. Lililochinjwa ni lake.

Mkaguzi akauliza mwenye gari yuko wapi. Mama akainuka kutoka safu ya nyuma, katika gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na kadi ya Baba mkononi. Akaisoma namba polepole, kama anayemwita mtu aliyelala. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Kisha akanyoosha mkono na kumwambia shemeji yake alete ufunguo. Ungeuona uso wake! Wale marafiki wote ghafla wakakumbuka kwamba na wao wana magari ya kwenda kuyaangalia. Kipara alikuwa amekuja na bisibisi mfukoni. Akafungua kibao cha Baba Mdogo, akamkabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote, akafunga cha Baba. Tukaondoka, Mama kando yangu, nikipiga honi mpaka nyumbani. Kwenye kioo nilimwona Baba Mdogo amesimama na kibao chake. Nilifurahi, Dada. Sitakudanganya, nilifurahi mpaka tumbo likauma.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Kipara halijui. Wazo lile halikuwa langu. Langu lilikuwa baya. Baada ya kuiona kabureta nilianza kulifunga gari la Baba Mdogo kama alivyotaka, na nilipofika kwenye breki niliilegeza nati ya bomba la mafuta, kiasi cha breki kushika mjini na kuachia kwenye ule mteremko wa kuelekea uwanja wa gwaride. Nilikuwa nimekusudia kumuua. Mama aliniletea chakula akanikuta na spana mkononi. Ameishi na fundi maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza tu mafuta yale ya breki yanadondoka kutoka wapi.

Akaketi juu ya tairi. Akaniambia kwamba ile chai aliyomtilia Baba Mdogo haikuwa ya msamaha. Akaniamuru nizikaze zile breki zishike sawasawa, kwa sababu anamtaka shemeji yake afike mbele za watu akiwa mzima, mwenye macho ya kuona na masikio ya kusikia. Akauliza ni chuma gani kinacholifanya gari kuwa gari. Nikamwonesha namba ya Baba. Akaipapasa kwa kidole, akasema basi kila kizuri kirudi hapo. Lile la breki linanitoa jasho mpaka leo. Si kwamba namhurumia. Natoka jasho nikifikiria jinsi nilivyokaribia kumpunguzia adhabu.

Leo asubuhi Baba Mdogo amekuja kwa miguu. Gari lake liko nyuma ya gereji juu ya matofali, mvua inalinyea. Aliomba nimfungie gari lake tena. Nilipowasha injini akaomba kabureta tu, ya kuazima. Mimi na Mama ndiyo kwanza tulikuwa tunatoka na gari la Baba, basi nikamwambia asubiri kidogo, tunamalizia mzunguko mmoja. Nilimwona maneno yakimwingia. Tulizunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na ninapoandika haya bado amekaa nje ya geti kwenye kile kiti chake cha plastiki. Mama amekataza asipelekewe soda.

Njoo, Dada, ukituwia radhi. Tutakupokea stendi kwa gari la Baba. Kiti cha nyuma nimekisafisha kwa mikono yangu, na Mama hajaruhusu mtu akikalie. Anasema atakayekikalia kwanza ni wewe, kwa kuwa siku ile hukumuaga Baba.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Kipara anauliza kama bado unaogopa honi.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye spana za Baba.